Kwa mwenzangu wa fleti ya chini

Shoga yangu,

Mama ametutoka. Unajua, maana ujumbe wako wa sauti niliupata siku ya tatu ya msiba, nikausikiliza nimekaa ngazini, pale pale tulipokuwa tukicheza gololi. Ulilia. Nami nililia. Lakini sikukujibu, na leo nakujibu mbele za watu kwa sababu kila nikianza kukuandikia faragha maneno yanakuwa makali, nafuta.

Ni ile siku ya sebuleni, 2018, tulipokuwa tunapokea wakwe.

Ulikuja umependeza, mwanao kakupita kimo. Wakwe wameshakaa, Mama anatoka jikoni na sinia la ndizi. Ukasimama, ukafungua mikono, ukasema: "Karibuni nyumbani kwetu. Hawa ni wapangaji wetu." Wakwe wakacheka. Mwanao akacheka. Mama akaliweka sinia mezani polepole, akalisogeza mbali na ukingo, akaingia chumbani na hakutoka mpaka teksi yako ilipoondoka. Usiku nilimkuta kitandani na lile kopo la biskuti unalolijua. Stakabadhi zote za kodi tangu 1974 kazitandaza juu ya shuka, mwaka kwa mwaka. Hakusema kitu. Alinionyesha tu.

Nyumba aliijenga Bapuji, babu yako. Nani kwetu asiyejua? Mwenyewe alinisimulia zaidi ya mara moja alivyokuwa kwenye umati Agosti 1946, Aga Khan, imamu wenu Waismailia, alipopimwa kwa almasi hapa Dar kwenye Jubilii yake, na jinsi mfuko uliotokana na Jubilii ile ulivyomkopesha fedha za kujengea. Akamaliza 1957: ghorofa tatu, fleti sita, jina la bibi yako juu ya mlango kwa herufi za saruji. Upanga ilijengwa hivyo miaka ile, kwa ajili ya Wahindi, kwa sababu wakoloni walishaukata mji vipande: Uzunguni upande wa bahari, Uhindini katikati, Waswahili Kariakoo na Ilala, na Mnazi Mmoja ukaachwa wazi katikati ili watu wasikaribiane. Mwafrika aliyelala Upanga enzi hizo alilala banda la uani. Mjomba wangu alilala humo, mtaa wa pili kutoka kwenu, akipiga pasi mashati ya watu. Hilo hukumweleza mwanao.

Ikaja Aprili 1971. Majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi laki moja yakachukuliwa na serikali, na lililozidi miaka kumi halikuwa na fidia. La kwenu lilikuwa na kumi na nne. Mkabaki fleti ya chini, wapangaji wa Msajili wa Majumba, ofisi ya serikali iliyosimamia majengo hayo, na miaka mitatu baadaye tukaja sisi, Mama akiwa nesi Muhimbili. Mwisho wa mwezi Mama na Bapuji waliongozana kwenda kulipa kodi. Mzee wa watu anapanga foleni, noti kazikunja kwenye leso, analipia nyumba aliyoijenga kwa mkono wake. Na kila alfajiri bado alipanda juu kuangalia tangi la maji, akichambua majani ya mwarobaini kwenye mfereji kwa vidole. Hakuna aliyemlipa. Nilimuuliza siku moja kwa nini anajisumbua. Akaniambia, "Mama yako akitoka zamu ya usiku ataoga nini?"

Huyo ndiye babu yako. Mama naye alimdunga sindano ya kisukari kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, mpaka alipofariki 1982.

Usidhani nimesahau mabaya. Mwaka wa kwanza mama yako aliniwekea kikombe changu cha bati dirishani, nisinywee vyenu. Na mama yangu alikuwa akisema Wahindi wana roho ngumu, anasema nikimsikia. Karatasi ya serikali ndiyo iliyotuweka ngazi moja: Mpemba aliyekimbilia Dar baada ya Mapinduzi, Mgoa wa benki na piano yake, daktari Mchaga, Mabohora wa ghorofa ya tatu, nyinyi na sisi. Kuzoeana kulichukua miaka. Kikombe kiliondoka dirishani siku uliposhikwa na homa ya malaria na Mama akakesha kwenu akikukanda kwa kitambaa. Mwezi wa kumi na moja ulikuwa unapanda kwetu kula senene kwa siri, halafu unasukutua kwa dawa ya meno kabla ya kwenda kusali jamatkhana. Kuoana tulikuwa hatuoani. Hilo nalo ni kweli, na kaka yako na dada yangu wanajua zaidi yangu.

Lakini Machi 1983, msako wa wahujumu uchumi, walioshukiwa kuficha bidhaa, ulipoanza, watu wanatupa khanga na sabuni mitaroni usiku, magunia mawili ya sukari ya duka la baba yako yalilala wapi? Chini ya kitanda cha Mama. Mtumishi wa serikali, na watoto wanne. Wangemkuta nayo angekwenda ndani. Mwaka uliofuata mkahamia Canada. Mpangaji gani wa kukufanyia hivyo?

Ndiyo maana nakushauri kama dada: ukija tena, usimsimamishe mwanao getini ukamwambia "hii ilikuwa yetu" ukaishia hapo. Mpandishe mpaka kwenye tangi. Mwambie nani alikuwa analisafisha na maji yalimwendea nani. Mwambie na banda la uani. Mtoto akijua nusu ataichukia nchi bure, au atawacheka wazee wa watu sebuleni mwao.

Na mwambie pia mlivyokaa kimya. Miaka minane bila barua! Hata kadi. Kwa hiyo 1992 fundi wa rangi aliponiita kuniuliza kuhusu yale maandishi juu ya mlango, ulitaka niseme nini? Herufi mbili zilishadondoka, moja ilimkosa mtoto wa daktari kidogo tu. Nyumba ilikuwa ya shirika la nyumba la serikali, si yangu. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nimechoka kuulizwa na kila mgeni hilo ni jina la nani. Nikamwambia ziba. Nilimshikia ngazi mwenyewe. Alipiga plasta, akapaka rangi ya krimu, saa nne asubuhi kazi imekwisha. Mama alirudi kutoka kazini, akatazama juu, akaniuliza, "Umemuuliza nani?"

Sijawahi kukwambia. Siku ile ya wakwe nilikuwa dirishani, nilikuona unashuka kwenye teksi. Ulisimama getini, ukainua uso, ukatafuta. Ukarudi nyuma hatua mbili, ukatafuta tena. Mwanao alikuwa anakuuliza kitu, hukumjibu. Ningeweza kushuka. Nikaenda kupanga vikombe. Robo saa baadaye ndipo uliposimama na kusema uliyosema, na mimi miaka yote hii nimeyahesabu maneno yako tu.

Arobaini ya Mama ni Jumamosi ya wiki ijayo. Si lazima uje, nauli naijua. Ila nimepata fundi wa herufi za saruji, mzee wa Ilala, na amekuja kupima. Plasta akiigonga anasema nyingi zimo bado chini yake. Zile mbili atazifinyanga upya. Anauliza zilipakwa rangi gani mwanzo. Mimi nakumbuka kijani, mdogo wangu anabisha anasema bluu.

Niandikie.