Shukrani kwa dereva wa pikapu wa Wangige

Sisi wafugaji wa kuku wa Kiambu tunakushukuru, ndugu ambaye hukutuachia jina lako. Shule zilipofungwa mwezi Agosti na wanunuzi wetu wa kawaida wakasitisha oda, mayai yalirundikana stoo, kwa maana kuku hawajui likizo, nasi tulikuwa tumeanza kuyauza kwa bei isiyorudisha hata gharama ya chakula chao. Wewe ndiwe uliyetusikia tukilalamika sokoni, ukapiga simu kwenye benki ya chakula jijini Nairobi, yaani shirika linalokusanya chakula na kuwagawia wahitaji, kisha ukajitolea kuyapeleka mwenyewe. Kreti 40, yaani mayai 1,200, ulizipanga juu ya maranda, ukazifunika kwa turubai na kuendesha polepole hata wenye matatu wakakupigia honi. Yaliyopasuka yalikuwa 7 tu. Pesa za mafuta ulizikataa. Tangu hapo jirani yetu mmoja ametoa gunia la maharagwe, na wapokeaji wametuomba tuandike tarehe ya kutagwa kwenye kila kreti, jambo ambalo, kusema kweli, tulipaswa kulifanya zamani. Turubai lako lingali kwetu. Lipitie siku yoyote ya soko.