Sarai ulikuwa mji, si kambi ya mahema

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu Wamongolia ilisimulia vizuri vita vya Batu, mjukuu wa Genghis Khan: kuanguka kwa Ryazan mwishoni mwa 1237, Kiev mwishoni mwa 1240, kisha Hungaria 1241. Tulikwazwa na mwisho wake, iliposemwa kwamba dola iliyozaliwa na vita hivyo, Ulusi wa Jochi au Horde ya Dhahabu, ilikuwa ya mahema matupu, ndiyo maana leo hakuna cha kuonekana. Cha kuonekana kilikuwepo, kikabebwa.

Mji mkuu, Sarai, ulikuwa kando ya Akhtuba, mkono wa mto Volga, kusini mwa Urusi ya leo. Magofu yanayotajwa zaidi yako kijiji cha Selitrennoye, mkoa wa Astrakhan. Moscow ilipoitwaa Astrakhan mwaka 1556 ilihitaji ngome imara, na katika miaka ya 1580 ngome hiyo ikajengwa kwa matofali yaliyong'olewa Sarai. Ni matofali ya mraba, bapa, upande mmoja kama sm 25 na unene sm 5 hivi, tena yamechomwa yakaiva. Fundi gani angeyapita akachome mapya?

Karne ya 18 likaja pigo la pili, la shura, yaani chumvi ya kutengenezea baruti. Udongo wa mji uliokaliwa na watu wengi, uliojaa majivu, samadi, mifupa na takataka, huzalisha chumvi za naitreti. Kiwanda kikawekwa papo hapo: udongo unachimbwa, unalowekwa, maji yanachujwa na kuchemshwa mpaka shura igande, kisha inakwenda kutengenezea baruti. Kwa mwanaakiolojia hasara hii ni mbaya kuliko ile ya matofali. Ukuta ukiondolewa, mtaro wa msingi wake hubaki, na ramani ya nyumba husomeka. Udongo ukichimbwa wote, matabaka yamevurugika, na sarafu ya enzi za makhani hukutwa katikati ya uchafu wa kiwandani.

Hata hivyo kilichosalia si haba. Mtafiti Mrusi Tereshchenko alichimba Tsarev, magofu mengine yaliyo juu zaidi kwenye Akhtuba hiyo hiyo, kati ya 1843 na 1851, akatoa vitu vingi ila kwa kumbukumbu duni. Kazi ya mwanaakiolojia Fedorov-Davydov na wenzake, kuanzia miaka ya 1960, ndiyo iliyotupa mitaa, majumba na karakana.

Ingieni nyumba moja. Kuta mbili au tatu zimefuatwa na benchi pana la matofali, linaloitwa kang. Jiko liko ncha moja. Ndani ya benchi mna njia za moshi, mbili au tatu sambamba, zimefunikwa kwa matofali bapa hadi kwenye dohani upande wa pili. Moshi unalazimishwa kusafiri mita kadhaa kabla ya kutoka, ukiacha joto lake kwenye matofali, na watu wanakaa na kulala juu yake. Ujuzi huu ulitoka upande wa China ya kaskazini na Mongolia. Sakafuni mwa nyumba hiyo hiyo kuna tashnau: tofali lenye tundu, na chini yake mtungi au shimo la kupokea maji ya kunawa. Hilo ni jambo la Khwarazm na Asia ya Kati. Pande mbili za bara zimekutana katika chumba kimoja, na mabomba ya udongo yalileta maji mjini.

Wapo wanaosema vyombo vizuri vilivyofukuliwa huko vililetwa tu na wafanyabiashara. Vingine, naam. Lakini kashi, zile bakuli na vigae vya rangi ya feruzi, zilitengenezwa hapo hapo. Kashi ni mchanga wa kwatzi uliosagwa, ukatiwa udongo mweupe kidogo. Haukubali gurudumu la mfinyanzi, hivyo aghalabu hukandamizwa kwenye kalibu. Ushahidi wa karakana ni takataka zake: vyombo vilivyopinda au kugandamana jokoni, na vile vitegemeo vya miguu mitatu vinavyotenganisha bakuli zisishikane rangi inapoyeyuka. Hakuna mfanyabiashara anayesafirisha vyombo vilivyoharibika.

Msomaji wa pwani ana shahidi anayemjua. Ibn Battuta, aliyepita Mombasa na Kilwa karibu na 1331, alifika Sarai miaka michache baadaye, enzi za Uzbek Khan, mtawala wa Horde. Aliondoka na farasi asubuhi kutoka ncha moja ya mji, akafika ya pili baada ya adhuhuri, akipita nyumba zilizofuatana bila magofu wala bustani katikati. Alihesabu misikiti 13 ya Ijumaa, mmoja wao wa Mashafii. Kuhama hakukukoma, kwani khan na kambi yake walifuata malisho kwa misimu, lakini ushuru, sarafu na karakana vilikuwa mjini.

Swali ambalo bado lina ubishi wa kweli ni lingine: Sarai ipi iko wapi? Sarafu zinataja Sarai, kisha Sarai Mpya. Fedorov-Davydov aliiweka ya zamani Selitrennoye na mpya Tsarev. Wapinzani wanasema sarafu za kabla ya miaka ya 1330 ni chache mno Selitrennoye, basi hiyo ndiyo Mpya, na ya zamani itafutwe chini zaidi, Krasny Yar, kwenye delta. Hoja yao tunaiona nzito, hasa ikipimwa kwa puli, sarafu ndogo za shaba. Dirhamu ya fedha husafiri mbali na kufichwa miaka mingi. Puli, 16 kwa dirhamu moja, hudondoka sokoni ilikotumika na hakuna anayerudi kuitafuta. Hata hivyo puli husema tabaka halikuwekwa kabla ya mwaka wake, haisemi ni lini hasa. Na hesabu nzima inategemea kila moja kuandikiwa mahali na kina ilipotoka, jambo ambalo wezi wenye vifaa vya kunasa metali hawalifanyi: huzing'oa, huziosha na kuziuza moja moja.

Wasomaji wenu,
Tanga