Risala kwa Mgeni Rasmi siku ya klabu yetu ya historia: karatasi iliyokatwa mawimbi mawimbi

Ndugu Mgeni Rasmi, Kapteni wetu, shikamoo. Mkuu wa shule, walimu, wazazi mliowahi na nyie mliofika na mvua, wanaklabu wenzangu, habari za mchana.

Kapteni kwanza asante kwa kuja, tuliambiwa mabaharia wastaafu hawapendi vikao virefu kwa hiyo mambo ya klabu ilianzishwa lini na ina wanachama wangapi hatutayasoma, yapo kwenye ile karatasi pale mezani chini ya soda yako. Muhula huu mzima tumehangaika na swali moja tu, zamani za Dola ya Uthmaniya, ile ya Waturuki, meli ya biashara ilikuwa inapitaje Mediterania bila kukamatwa. Na tuseme ukweli tulilichagua kwa ajili yako, maana tulisikia ulipita Ghuba ya Aden mwaka 2009 wakati maharamia wa Kisomali wamechachamaa.

Jibu tulilotegemea ni mizinga. Wavulana wa kidato cha pili walishaanza kuchora mizinga kabla hata mwalimu hajafungua kitabu. Kumbe kwa miaka mingi kilichopitisha meli nyingi ni karatasi.

Iko hivi. Algiers, Tunis na Tripoli, miji ya pwani ya Afrika Kaskazini, kwenye ramani zilikuwa za Sultani wa Istanbul, mkuu wa hiyo Dola, ila kwa vitendo kila mji ulikuwa na mkubwa wake, Algiers aliitwa Dey, Tunis Bey, Tripoli Pasha, na merikebu zao zilikuwa zinatoka kuwinda meli za nchi ambazo hazina mkataba nao. Kwao huo haukuwa wizi wa kuvizia usiku, ilikuwa vita yenye baraka za serikali, mzigo unagawanywa na mabaharia wanafungwa wafanyishwe kazi mpaka kwao watume hela ya kuwakomboa. Na upande wa pili nao haukuwa msafi jamani, wale wapiganaji wa Kikristo wa kisiwa cha Malta walikuwa wanakamata meli za Waislamu vilevile, na watumwa wa Kiislamu walikuwepo Malta mpaka Napoleon alipofika 1798.

Wazungu walianza kwa kwenda kushtaki Istanbul. Wafaransa mwaka 1604 wakapata hati ya Sultani inayosema maharamia wa Afrika Kaskazini wasipotii basi mfalme wa Ufaransa awaadhibu mwenyewe, yaani mwenye nyumba anakwambia wapangaji wangu wamenishinda, ukiweza wachape. Basi mataifa yakaona bora yaende kubisha mlango wa mpangaji mwenyewe. Uingereza ikafunga na Algiers mkataba wa 1682, Uswidi ikafunga wake 1729, na Waswidi walikuwa wameshajipanga kabisa, 1724 walianzisha ofisi kwao Göteborg ya kushughulikia usalama wa meli zao tu.

Sasa baharini utajuaje meli ni ya nchi yenye mkataba? Kwa pasi, na hiyo karatasi ndo iliyotukosesha usingizi. Pasi ya Kiingereza (karatasi tunaiita sisi tu) ilichapwa kwenye ngozi, juu ina mchoro wa meli, halafu inakatwa kwa mawimbi mawimbi katikati ya ule mchoro, siyo mstari ulionyooka. Kipande cha chini anapewa nahodha wa meli ya biashara, vipande vya juu vinapelekwa kwa mabalozi wadogo walioko Algiers na kwingineko, wao wanawagawia manahodha wa merikebu za kule. Wakikutana baharini, mashua inateremshwa, na mkataba unasema wanaoruhusiwa kupanda meli kukagua ni wawili tu mbali na wapiga makasia. Wanapanda, wanatoa kipande chao, wanakiweka juu ya chako. Yakilingana mawimbi, safari njema. Hakuna haja ya kujua kusoma Kiingereza! Mwalimu wetu alisema hiyo ni pasiwedi ya karne ya 17 na darasa zima likacheka, ila mimi naona alipatia. Ujanja nao haukukosa, kuna pasi zilighushiwa na kuna zilizouzwa kwa meli ambazo hata hazikuwa za Kiingereza.

Aliyeonja joto ya jiwe kwa kukosa hiyo karatasi ni Mmarekani. Akiwa koloni alikuwa anapita kwa pasi za Uingereza, akapata uhuru wake 1783, pasi ikaishia hapo. Julai 1785 Algiers wakakamata meli mbili, Maria ya Boston na Dauphin ya Philadelphia, watu 21. Marekani ikamtuma mtu mwaka uliofuata akiwa na ruhusa ya kulipa dola 200 kwa kichwa, Dey akataja 59,496 kwa wote, pigeni hesabu wenyewe, ni zaidi ya 2,800 kwa mtu mmoja. Mazungumzo yakafa na wale mabaharia wakabaki. Mwaka 1793 Algiers na Ureno wakapatana, na Ureno ndiyo ilikuwa inalinda mlango wa Gibraltar, merikebu za Algiers zikatoka mpaka Atlantiki, zikarudi na meli 11 za Wamarekani na watu zaidi ya 100.

Humo kwenye ile Maria iliyokamatwa 1785 kulikuwa na kijana wa miaka 18, James Cathcart. Klabu nzima tunampenda huyu jamaa. Alianza kama mfungwa kwenye bustani ya ikulu walikofugwa simba, akapanda vyeo vya humohumo kifungoni, akawa anamiliki vilabu vya pombe wanakokunywa wafungwa wenzake (hapa mwalimu wa dini alikohoa), akaishia kuwa karani mkuu Mkristo wa Dey mwenyewe. Mkataba wa Septemba 1795 ulipojadiliwa yeye ndo alikuwa anakimbia na maneno huku na huku, bado ni mfungwa! Bei ilikuwa dola 642,500, na juu yake kila mwaka vifaa vya meli vya thamani ya sikwini 12,000, sarafu za dhahabu za Algiers. Alipoachiwa 1796 akaondoka na meli aliyoinunua mwenyewe, baadaye akarudi pwani ile, safari hii Tripoli, akiwa balozi mdogo wa Marekani. Na bahati mbaya ni yeye aliyekuwepo Mei 1801 Pasha alipokata mlingoti wa bendera ya Marekani, yaani kutangaza vita, kisa Pasha alikuwa analalamika kwamba Algiers walipewa vingi yeye akapewa makombo.

Yaliyofuata mnayajua, mizinga. Ila hata ile vita ya Tripoli ilimalizwa Juni 1805 mezani, kwa dola 60,000 za kukomboa mabaharia waliokuwa wamekamatwa. Mwaka 1816 Waingereza na Waholanzi wakaipiga Algiers, na 1830 Wafaransa wakaichukua kabisa. Wanaklabu wengine wanasema 1830 ndo uharamia ulikomeshwa, mimi na wenzangu wachache tunasema ni mwizi mkubwa zaidi ndo aliingia bandarini, na ubishi huo bado haujaisha.

Kapteni, la kwetu ni la juzi tu, Januari 2009 kule Djibouti nchi zetu, Tanzania na Kenya zikiwemo, zilisaini makubaliano ya kupeana taarifa za maharamia, vituo vikawekwa Mombasa, Dar es Salaam na Sana'a ya Yemen. Tungependa leo utuambie kama ukiwa kule baharini uliona tofauti yoyote.

Tuna shida mbili ndogo. Ramani yetu ya dunia imechanika pale inapokunjwa, na inapokunjwa ndo Mediterania, Tunis sasa hivi ni tundu la kupitisha kidole. Tunaomba nyingine. Na tunaomba utusindikize bandarini, wanafunzi 34 na walimu 2, barua tuliyopeleka muhula uliopita haijajibiwa mpaka leo.

Mwisho, hii hapa ni pasi yako. Tumechora meli kwa kalamu ya wino na tumeikata mawimbi mawimbi kwa mkasi wa maarifa ya nyumbani. Kipande cha chini ni chako, cha juu kinabaki kwa katibu wa klabu. Ukirudi na ramani, njoo nacho, mlinzi wa getini ameshaambiwa alinganishe.