Ukitaka kuacha bendi, acha

Igogo, Mwanza

Mwanangu Neema,

Mwangaluka. Sisi wazima, mama yako anakusalimu. Ujumbe wako nimeusoma. Unasema umechoka kusifiwa kwa mambo unayojua mwenyewe hujayaweza, na unataka kuiacha bendi ya hotelini urudi nyumbani ujifue mwaka mzima. Shangazi yako aliposikia alishika kichwa: mtu anaachaje kazi yenye mshahara? Mimi nasema acha.

Saksafoni ya Sonny Rollins, yule Mmarekani wa jazi, umekua ukiisikia humu ndani. Sasa sikiliza na maisha yake. Alizaliwa New York mwaka 1930, akakulia Harlem, na kabla hajafikisha miaka 30 alikuwa amekwisha kupiga na wakubwa wa jazi, Miles Davis, Thelonious Monk na Max Roach. Mwaka 1959, jina likiwa juu, akaacha maonyesho. Aliona sifa zimemtangulia. Nyumbani mazoezi yalimshinda, maana jirani yake alikuwa mjamzito na hakutaka kumsumbua. Akabeba saksafoni akapanda daraja la Williamsburg, juu ya East River, akawa anapulizia huko, treni zikipita kando na meli zikipiga honi chini. Siku nyingine kwa muda wa saa 15. Aliendelea hivyo mpaka mwaka 1961, ndipo akarudi jukwaani, na albamu aliyoitoa mwaka 1962 akaiita The Bridge.

Hilo la jirani linanigusa kuliko yote. Mtu mwenye jina kubwa hivyo, anamfikiria mama aliye upande wa pili wa ukuta!

Tena sikufichi, maana usiku wa muziki una mitego yake na wewe uko mbali na macho yetu. Ujanani Rollins aliingia kwenye heroini, akafungwa. Mwaka 1955 alikwenda mwenyewe kutibiwa katika hospitali ya serikali kule Lexington, Kentucky. Alipotoka alikaa Chicago akifanya kazi ya usafi kabla ya kurudi kwenye bendi. Mwaka uliofuata akarekodi Saxophone Colossus. Kwa hiyo alipopanda lile daraja alikuwa anajua tayari kwamba mtu anaweza kujitoa, na watu wakamkuta mzima zaidi anaporudi.

Ndani ya Saxophone Colossus mna St. Thomas, ile uliyokuwa ukiirukia ukiwa mdogo. Wazazi wa Rollins walitoka Visiwa vya Virgin, kule Karibi, na sauti ile ni ya wimbo aliokuwa akiimbiwa na mama yake. Leo wanafunzi wa jazi kila mahali wanajifunza wimbo wa yule mama. Hapo ndipo ninapokuomba jambo. Bibi yako kule Magu bado anazikumbuka nyimbo za kulima, zile ambazo majembe yote yanashuka pamoja. Nenda ukakae naye, umrekodi kwa simu, kisha uzitafute kwenye saksafoni taratibu. Mapigo yale sijayasikia kwa mpulizaji yeyote, na bibi yako amezeeka.

Mahali pa mazoezi usihofu. Hapa mlimani nyumba zimebanana, na jirani wa chini ana kichanga, lakini mawe ya ufukweni Capri Point yapo. Upepo wa ziwa ukikupiga usoni utalazimika kuitoa pumzi tumboni. Nilipokuwa napuliza tarumbeta ya kanisa tulikwenda huko huko.

Na usingoje. Rollins alipiga mpaka mwaka 2012, akiwa na zaidi ya miaka 80, ndipo mapafu yakamkatalia kabisa. Pumzi unayo sasa.

Mkataba umalize vizuri, uage kwa heshima, usidai wala usidaiwe. Ridi, vile vijiti vya mdomoni mwa saksafoni, nunua za kutosha huko Dar, hapa kuzipata ni shida. Mama yako amekwisha kuyatoa magunia ya dagaa chumbani kwako. Tujulishe tu basi utakalopanda, nije kukupokea Nyegezi. Shangazi niachie mimi.

Baba yako