Magari ya kale yasikatwe kabla historia yake haijaandikwa

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie magari ya kale ya Uingereza ambayo bado yamo katika mabanda ya mashamba ya Njoro, Rongai na Molo, hapa Nakuru, Kenya, na ambayo wanunuzi wa vyuma chakavu huyafikia kabla ya mtu yeyote kuuliza yalifikaje huku na ni nani walioyafanya yaendelee kutembea.

Mimi ni fundi mstaafu. Kwa miaka minne sasa, mimi na mpwa wangu tumekuwa tukifufua Austin Twelve ya mwishoni mwa miaka ya 1920, gari la wazi lenye paa la turubai la kukunja. Herbert Austin, aliyeanzisha kiwanda chake Longbridge, karibu na Birmingham, mwaka wa 1905, alitoa aina hii mwaka wa 1921, kampuni yake ikiwa mikononi mwa meneja mrasimu, yaani msimamizi aliyewekwa kwa ajili ya wadai, kwa sababu ya madeni. Mwaka huo Uingereza ilianza kutoza ushuru wa pauni moja kwa kila nguvu-farasi, na nguvu hiyo haikupimwa injini ikiwa kazini, bali ilikokotolewa kutokana na kipenyo cha silinda. Ndiyo maana silinda za Twelve ni nyembamba na ndefu: kipenyo ni milimita 72, na mwendo wa pistoni ulikuwa milimita 102, ukaongezwa baadaye hadi 114.3 bila mwenye gari kudaiwa ushuru zaidi. Injini ya namna hiyo haina mbio, lakini huvuta bila kuchoka, na yeyote aliyewahi kukwama katika udongo mweusi wakati wa masika ataelewa thamani ya sifa hiyo. Magari haya yalipanda na kushuka Bonde la Ufa miaka mingi kabla ya mateka wa Kiitaliano wa Vita vya Pili vya Dunia kujenga barabara ya Mai Mahiu.

Tulipolifikia gari letu, radieta ilikuwa imekwisha kung'olewa na kuuzwa kwa kilo, kwa kuwa shaba ndiyo hutangulia kutafutwa. Mchwa walikuwa wamekula fremu ya mbao inayoshikilia mabati ya bodi. Kiwandani fremu hiyo ilitengenezwa kwa mti wa ash, ambao hupindika vizuri lakini si mti wa asili kwetu. Sisi tulitumia mvule kutoka Busia, ambao ni mgumu kupinda ila mchwa huuogopa. Spana zetu za milimita hazikushika nati hata moja, maana gari zima limefungwa kwa vipimo vya Whitworth, vipimo vya Kiingereza vya skrubu na nati, ambavyo asili yake ni mwaka wa 1841, na seti ya spana hizo tuliipata kwa mzee aliyekuwa ameihifadhi ndani ya gunia. Kazi iliyotuchukua muda mrefu kuliko zote ni beringi tano za krankishafti, yaani shafti kuu inayozungushwa na pistoni. Beringi hizo hazinunuliwi dukani: aloi laini yenye bati huyeyushwa, ikamiminwa mahali pake, kisha ikakwanguliwa kidogo kidogo kwa mkono hadi shafti izunguke bila kubana na bila kucheza. Mpwa wangu aliharibu mbili kabla ya kufaulu, na leo hii naamini anaijua kazi hiyo kunishinda.

Hata hivyo, kilichonisukuma kuandika barua hii ni jani moja, yaani bapa moja la chuma, la springi ya nyuma. Tulipoifungua springi hiyo tulikuta jani la tatu halifanani na mengine. Lina alama za nyundo, unene wake haulingani, na matundu yake yalitobolewa kwa moto. Halikutoka Birmingham. Lilifuliwa hapa hapa na mhunzi ambaye jina lake halimo katika karatasi yoyote ya gari hilo, na kwa jinsi lilivyochakaa, lilibeba mzigo kwa miaka mingi. Rafiki mmoja mpenzi wa magari ya kale amenishauri niagize jani jipya kutoka Uingereza ili gari liwe kama lilivyotoka kiwandani. Nimekataa. Gari likisafishwa hadi alama hiyo ipotee, litabaki kuwa historia ya mwenye shamba peke yake, ilhali waliolitia maji, waliolisukuma matopeni, waliolirekebisha na mara nyingi walioliendesha walikuwa watu wetu.

Sheria haitusaidii vya kutosha. Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya 2006 huhesabu kuwa kitu cha kale kile kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895, wakati ambapo magari yenyewe yalikuwa machanga hata huko Ulaya. Lakini sheria hiyo hiyo inampa Waziri uwezo wa kutangaza katika gazeti rasmi la serikali kwamba kitu fulani, au aina fulani ya vitu, vyenye umuhimu wa kihistoria vinalindwa. Naomba uwezo huo utumike kwa magari yaliyoingia nchini kabla ya Uhuru. Marufuku ya vyuma chakavu ya Januari 2022, ambayo iliwekwa kwa sababu ya uharibifu wa nyaya na mitambo ya umeme, ilidumu miezi michache tu, na magari haya yakarudi kwenye mizani. Sitaki kumnyima mtu riziki yake. Nataka tu gari lisikatwe kabla halijapigwa picha, nambari ya chesisi yake haijanakiliwa na matengenezo ya kienyeji yaliyomo hayajaandikwa. Kazi hiyo yaweza kuanzia Nakuru, kwa kuwa tayari tuna makavazi ya Hyrax Hill.

Kwa wakati huu, ninawasihi wenye mashamba wasiuze radieta, taa wala kibati cha nambari peke yake, kwa sababu gari lililonyang'anywa vitu hivyo ni vigumu mno kulitambua. Na ikiwa kuna msomaji ambaye babu yake alikuwa mhunzi upande wa Njoro au Rongai na alifua springi za magari, tafadhali aandike kupitia ukurasa huu.

Fundi mstaafu,
Nakuru