Kabla Hujanunua Dume wa Dorper

Mteja akija kwetu kutafuta dume wa kondoo aina ya Dorper, tunaanza kwa kumuuliza malisho yake yakoje: pakavu au pana majimaji? Ni swali la haki kabisa. Dorper ni mkubwa na ananenepa haraka, lakini ni mtoto wa nchi kavu. Wafugaji wa Afrika Kusini walimtengeneza miaka ya 1930 kwa kuchanganya Dorset Horn wa Uingereza na Blackhead Persian, ambaye asili yake ni kondoo wa Wasomali mwenye kichwa cheusi. Waliendelea kubakiza waliojaza nyama upesi. Minyoo haikuwa shida yao kubwa.

Kondoo mwekundu wa Kimaasai alichujwa na nchi yenyewe. Kwa vizazi vingi hakukuwa na dawa. Aliyezidiwa na minyoo alikufa kabla ya kuzaa, aliyestahimili akaacha watoto wenye vinasaba vyake.

Mnyoo mbaya kuliko wote ni Haemonchus contortus. Hukaa kwenye tumbo la nne akifyonza damu, na jike mmoja hutaga maelfu ya mayai kwa siku. Pakiwa na joto na unyevu, mayai yanatoa lava, yaani minyoo wachanga, nao wanapanda kwenye majani, kondoo anakula. Funua kope la chini la jicho: kwa kondoo mzima ndani ni pekundu, kwa aliyenyonywa ni peupe kama karatasi. Akizidiwa zaidi, anavimba chini ya taya.

Miaka ya 1990 watafiti waliwafuga Dorper na Wekundu pamoja kule Diani, pwani ya Kenya, kwenye unyevu mwingi. Wekundu walitoa mayai machache ya minyoo kwenye kinyesi, damu yao haikupungua sana, na watoto wao walikufa kidogo kuliko wa Dorper. Kwenye nchi kavu Dorper ana nafasi yake, na huko tunamuuza kwa moyo mweupe.

Shida inakuja mtu anapopanda Dorper juu ya Dorper. Uzao wa kwanza wa dume wa Dorper na jike mwekundu ni nusu kwa nusu, na mara nyingi ni kondoo wazuri sana. Mabinti hao wakipandwa na Dorper mwingine, damu ya Wekundu inabaki robo, kisha moja ya nane. Mvua kubwa ikinyesha ndipo mfugaji anaona boma linapukutika. Kwa hiyo tunakusihi: tenga kundi la majike wekundu halisi, na uwapandishe kwa dume mwekundu.

Lipo kosa jingine linalotuuma zaidi. Karibu na Idd au Krismasi mnunuzi anachagua yule dume kijana aliyekua kuwapita wenzake, kwa sababu ndiye mwenye bei. Wanaobaki kupanda ni wale waliokataliwa. Fanya hivyo miaka kadhaa na utakuwa umechagua udogo kwa mkono wako mwenyewe. Heri uuze wa pili na wa tatu, wengine uwahasi, huyo bora abaki.

Na dawa ya minyoo? Ukiwanywesha wote kila mara, hutajua nani angestahimili bila dawa. Isitoshe, minyoo nayo inachujwa: wanaosalimika baada ya dawa ndio wanaotaga, mpaka dawa inakosa nguvu. Tibu wenye kope zilizopauka, andika namba zao, na usichague dume wa mbegu kutoka kwa mama anayeandikwa kila msimu.

Kazi hiyo tunaifanya pamoja nawe. Tunakuja bomani, tunakagua kope, tunavalisha hereni za namba na kukuachia daftari. Dume unayemnunua kwetu unaonyeshwa rekodi ya mama yake kabla ya kulipa. Akifikisha miaka miwili kwako mrudishe tukubadilishie na wa ukoo mwingine, maana kufikia hapo mabinti zake wameshaanza kupandwa.