Barua ya wazi kwa vijana wa baiskeli mliopanda Lushoto Jumapili

Wanangu,

Mimi ni yule mzee wa kibanda cha fundi baiskeli kilicho njiani, chini ya mji mdogo wa Soni, huku kwetu milima ya Usambara, Tanga. Mlinipita asubuhi mkipanda kutoka Mombo, mkanipita tena alasiri mkirudi. Wengine mlinipa shikamoo, wengine mlinipigia kengele. Siku ya tatu leo jambo limenikaa kooni, na kwa umri wangu mtu hafai kulala na jambo kooni.

Mlikuwa 14. Nilihesabu. Watu 13 mlifika pamoja, mkaegesha, mkanunua ndizi na mahindi ya kuchoma kwa akina mama, mkapigana picha, mkacheka. Ilipita nusu saa. Ndipo mwenzenu wa mwisho akatokeza kwenye kona akisukuma baiskeli, jasho limemkaukia usoni hadi limeacha chumvi. Hakukaa. Hata chupa ya maji hakuwahi kuifungua, mmoja wenu akasema, "Haya, kafika, twende!" Mkadandia, mkaenda.

Hivi mlikiona mlichokifanya? Waliopumzika ni wale wenye nguvu. Aliyeishiwa pumzi ndiye pekee aliyenyimwa pumziko, halafu jioni mtasema mlimsubiri! Huko si kumsubiri. Barabara ile ni kilomita 30 na kidogo, na kutoka Mombo hadi Lushoto mtu anapanda karibu mita 1,000. Mlima mkali wenyewe ni huu wa kabla ya Soni, na ndipo mlipomkurupusha. Anayesubiriwa ndiye wa kutoa amri ya kuondoka. Ale, anywe, akojoe, atazame bonde, apande yeye kwanza. Wenye haraka zenu mtamkuta tu mbele, kwani mtampita muda si mrefu.

Zamani tulikuwa tukishusha kabichi Mombo kwa baiskeli, gunia kwenye keria, giza bado. Mwenye breki mbovu au mguu unaouma aliwekwa mbele. Sisi tulifuata, na mwendo wake ndio uliokuwa mwendo wetu. Msidhani tulikuwa watu wema kuliko ninyi. Akitumbukia korongoni, kabichi zake tungezibeba sisi.

Sasa alasiri. Mlishuka kama mawe yanayoporomoka, na yule kijana, kama kawaida, hakuwemo. Nikasikia mlio, paa! nikajua ni tyubu. Nilimkuta hatua chache tu juu ya kibanda. Nikaigusa ringi ya nyuma, nikakirudisha kidole upesi. Ilikuwa ya moto kama sufuria. Tulipoitoa tyubu, kiraka cha zamani gundi yake ilikuwa imelainika, kimeteleza pembeni kama utando wa maziwa. Nikamuuliza alishukaje. Akasema, "Babu, niliogopa, nikashikilia breki tangu juu."

Klabu nzima hiyo, baiskeli za bei ya ng'ombe, na hakuna aliyemwambia mtoto wa watu kwamba breki hazishikiliwi moja kwa moja! Unakamata, unaachia, upepo upooze ringi, unakamata tena. Mwendo unaupunguza kabla ya kona, ukishaingia ndani umechelewa. Tumia zote mbili, ya mbele usiiogope, ila mkono uwe laini. Siti nayo isogee nyuma, nina maana makalio, siti haina miguu. Dakika tano pale Lushoto zingetosha kumwonyesha. Lakini mlikuwa mnatazama kwenye simu nani kapanda kwa dakika ngapi.

Mengine mnayajua, nayataja tu. Gia nyepesi iwekwe kabla mlima haujaanza. Kuleni kabla njaa haijauma. Tyubu ya akiba na pampu zikae kwa mtu wa nyuma, si kwa anayeongoza. Siku ya mvua msishuke, udongo wetu huporomokea barabarani.

Na madereva nao siwasamehe. Barabara nyembamba, huku mwamba, huku korongo, basi linaingia kwenye kona likipiga honi kana kwamba honi ndiyo breki. Katika nchi hii mwenye baiskeli tumemfanya kitu cha kusukumwa pembeni, na anayetembea kwa miguu ndiyo kabisa. Ndiyo maana niliumia kuwaona ninyi, mnaosukumwa na mabasi, mkimkemea bibi mwenye mzigo wa kuni, "Pembeni! Pembeni!" Yule bibi ni jirani yangu. Hiyo njia aliikuta akiwa mtoto mgongoni. Mngepunguza mwendo, mkamsalimu, angewapisha mwenyewe na dua juu yake.

Sijaandika haya kwa kuwachukia. Mlipokuwa mkija asubuhi, mmepangana na jezi zenu za njano, moyo wangu ulifurahi kweli, nikatamani magoti yangu yarudi.

Kijana tulimzibia, akanywa chai, nikamwonyesha kukamata na kuachia pale pale kwenye mteremko wa kibanda, mara nne, hadi akacheka. Pesa sikuchukua. Ila alisahau glavu moja, ya kulia. Nimeifua, imetundikwa msumarini. Aje kuichukua siku yoyote, ila si usiku, siku hizi nalala mapema.

Babu yenu, fundi wa chini ya Soni